Pua, Kimo na Uchifu: Nadharia ya Mageuko Ilivyotumika Burundi

Ukitoka Kanyosha kwa barabara inayofuata ziwa kuelekea Rumonge, haichukui muda kufika Mugere. Pale kuna jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Sisi tuliosoma shule za Kanyosha tulipelekwa kuliona tukiwa wadogo, tukaambiwa kwamba wazungu hao wawili walilala hapo wakiwa safarini kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia, jambo ambalo mvuvi yeyote wa pale angeweza kuwaambia.

Mwaka huohuo wa 1871, Charles Darwin alitoa London kitabu chake juu ya asili ya binadamu. Safari ile na kitabu kile havikuhusiana. Hata hivyo, miaka hamsini baadaye watawala wa nchi hii walichanganya habari za wasafiri na maneno ya wanasayansi, wakapata jibu la swali ambalo hakuna Mrundi aliyewauliza: nani kazaliwa atawale, na nani kazaliwa atumikishwe? Insha hii inafuatilia jibu hilo lilivyopatikana.

Nianze kwa kumtendea haki Darwin. Katika kitabu cha 1859 alieleza uteuzi asilia: viumbe wa spishi moja hutofautiana, tofauti hizo hurithiwa, na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha watoto wengi zaidi. Katika nadharia hiyo hamna ngazi yenye kiumbe bora juu na kiumbe duni chini. Kinachofaa jangwani hakifai msituni. Tena mwaka 1871 alisema kwamba binadamu wote ni spishi moja, na kwamba huenda wazee wetu wa kale waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila wako huku. Wakati huo hakukuwa na hata fuvu moja la kuthibitisha hayo. Lakini asifanywe malaika: katika kitabu hichohicho aliandika juu ya jamii "shenzi" na jamii "staarabu", akatabiri kwamba hizi zitawafuta wale. Na ule msemo wa kuishi kwa anayefaa zaidi ulitungwa mwaka 1864 na Herbert Spencer, kisha Darwin mwenyewe akauazima. Waliotaka kuujengea ukoloni hoja walikuta matofali tayari.

Hoja yenyewe, hata hivyo, ilitangulia kupata mavazi ya sayansi. John Hanning Speke, aliyefika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton mwaka 1858, aliandika mwaka 1863 kwamba wafugaji waliotawala falme za Maziwa Makuu hawakuwa Waafrika hasa, bali wageni waliotoka upande wa Uhabeshi, wazao wa Hamu mwana wa Nuhu. Hapa kuna kichekesho kichungu. Kwa karne nyingi kisa cha Hamu kilitumiwa kuhalalisha utumwa wa watu weusi. Baadaye, Wazungu walipoyaona makuu ya Misri ya kale na kushindwa kukubali kwamba ni kazi ya Waafrika, Hamu aligeuzwa kuwa babu wa "wazungu weusi" walioleta ustaarabu. Mwaka 1930 Charles Seligman aliiingiza hadithi hiyo katika kitabu chake juu ya mbari za Afrika, na kwa miaka mingi kikasomwa kama elimu. Kilichokuwa kisa cha Biblia sasa kilikuwa na lugha ya kurithi, ya mafuvu na ya vipimo vya pua.

Jamii ya Burundi waliyoikuta Wajerumani, kisha Wabelgiji mwaka 1916, haikuingia katika kisanduku hicho. Juu walikuwa Waganwa, wazao wa wafalme, ambao hawakuhesabiwa kuwa Watutsi wala Wahutu. Wahutu, Watutsi na Watwa walisema Kirundi kimoja, walikaa vilima vilevile na walimtii Mwami mmoja. Palikuwa na ukubwa na udogo, sitaki kuipamba. Watwa hasa walidharauliwa na kila mtu. Ila Mhutu aliweza kuwa chifu, na neno "muhutu" liliweza pia kumaanisha mtu aliye chini ya mwingine, bila kujali ukoo wake.

Wabelgiji walipoamua kupunguza machifu, mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea, walichagua kwa kufuata imani yao kwamba wengine wana uongozi katika damu. Takwimu alizokusanya mwanahistoria wetu Joseph Gahama zinatosha: mwaka 1929 Wahutu walikuwa 27 kati ya machifu 133. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Mtu aliyezaliwa mwaka huo alikua akiona kwamba Mhutu hatawali, na angeweza kudhani kwamba ndivyo maumbile yalivyo. Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo hili: nadharia ilidai kueleza hali iliyopo, kumbe ndiyo iliyoitengeneza, kisha ikaitumia hali hiyo kama ushahidi wake.

Aliyeivunja alikuwa mpimaji mwenyewe. Jean Hiernaux, Mbelgiji, alipima miili ya watu wa Ruanda na Urundi na kuchapisha matokeo mwaka 1954. Ndiyo, wastani wa kimo ulitofautiana. Lakini wastani hauwezi kukuambia mtu aliyesimama mbele yako ni nani, kwa kuwa warefu na wafupi wako kila upande. Baadaye Hiernaux alifikia hoja nyingine nzito zaidi: miili mirefu na pua nyembamba zimetokea Afrika hapahapa, kwa watu walioishi vizazi vingi katika joto kavu. Hakuna haja ya kumwita mgeni yeyote kutoka nje. Huo ndio uteuzi asilia wenyewe, ukimkanusha Speke.

Mfano wa maziwa ni mzuri pia. Utafiti uliotolewa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007 ulionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa ulijitokeza Afrika Mashariki kwa njia yake, tofauti na ile ya Ulaya, katika miaka elfu chache iliyopita, watu walipoanza kufuga. Mageuko yalimpa mfugaji tumbo la kunywa maziwa. Hayakumpa uchifu.

Mwaka 1972 Richard Lewontin alikokotoa kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti za kijenetiki za binadamu ziko ndani ya kundi lolote lile, si kati ya kundi na kundi. Nchini kwetu 1972 ni mwaka wa Ikiza. Mnaosoma mnajua, na walio na wazee wa kuuliza watauliza.

Nikiwa darasa la tano, mwenzangu mmoja aliniambia nigeuze uso pembeni ili aione pua yangu vizuri. Hakuwa na ubaya, alikuwa akicheza mchezo aliousikia kwa wakubwa. Nadharia iliyotupwa vyuoni miaka mingi iliyopita ilikuwa hai kabisa chini ya mwembe huko Kanyosha. Lugha nayo imeihifadhi: tunasema "ubwoko" kwa Mhutu na Mtutsi, na neno hilohilo kwa aina za ng'ombe na aina za maharage.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitamka kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura kubwa ya kikabila. Hata hivyo Katiba ya 2005 ililazimika kugawa viti vya Bunge kwa makabila, asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na kuagiza kwamba kati ya wagombea watatu wanaofuatana katika orodha, wawili tu waweze kuwa wa kabila moja. Wapo wanaosema huko ni kumrudisha Seligman kwa mlango wa nyuma. Sikubaliani nao. Katiba hiyo haikumtuma mtu na rula kwenda kupima pua ya mgombea. Ilitegemea yeye alivyojitambulisha.