Hadithi za Mashabiki Zisomwazo kwa Sauti

Mwaka 1967 wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walitoa huko Marekani jarida liitwalo Spockanalia, ambamo zilikuwamo hadithi walizowatungia wahusika wa tamthilia hiyo kwa mapenzi, si kwa malipo. Hadithi hizo zilisomwa kwa macho. Neno podikasti lilipokwisha kuzuka, mwaka 2004, mashabiki waliozisoma kwa sauti na kuzinasa waliipa kazi yao jina la podifiki.

Aghalabu msomaji hukaa chumbani kwake, mlango ameufunga, na pengine mbwa wa jirani husikika. Mimi siihesabu hiyo kuwa ila. Pumzi ivutwayo kabla ya neno zito humfahamisha msikilizaji jambo ambalo ukurasa ulilificha. Kwa hiyo ni desturi mtungaji aombwe idhini kwanza, maana sauti nayo ni tafsiri.

Walakini hifadhi yao kubwa, Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009, huweka maandishi tu. Sauti zenyewe huwekwa penginepo, na mahali hapo pakifungwa, hadithi hubaki, msomaji wake hanenі tena.