Mlima Shengena kwenye kona ya sentimita 36

Wadau, samahani kwa ukimya. Testi zilifuatana mpaka nikasahau hata nywila ya blogu. Leo nawaletea historia kidogo, na kama kawaida imeanzia chumbani hosteli.

Mjomba aliniachia boksi la treni ya kuchezea, Märklin ya Kijerumani, ile ya zamani ya bati. Reli zote ni za kona: vipande 12 vinafunga duara moja, kutoka katikati hadi relini sentimita 36. Linaingia barabara kati ya vitanda viwili. Jamaa ninayekaa naye alicheka sana, mtu mzima mwaka wa tatu unacheza treni! Basi nikampigia babu simu kumsimulia. Babu ni Mpare, na alikuwa akishughulikia moto wa boila kwenye garimoshi za Mombasa–Nairobi mpaka shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977. Akauliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, hiyo reli yako inambeba Shengena?"

Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Shengena ni mlima wa kwao, Same, lakini babu alikuwa anamaanisha garimoshi. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya daraja la 59 kwa ajili ya reli yetu ya mita moja, kila kimoja kikapewa jina la mlima. Tani kama 252, urefu zaidi ya mita 31. Hakuna kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho kilichowahi kupita kwenye reli ya upana huo, popote duniani. Sasa piga hesabu. Treni yangu ni ya kipimo cha moja kwa 87. Mita 31 na ushee inakuwa sentimita 36. Yaani kichwa kirefu sawasawa na nusu kipenyo cha duara langu! Kitu kigumu cha urefu ule hakipindi pale, kinaruka nje.

Wajerumani walishapambana na tatizo hili. Treni za mezani za Märklin zilitoka 1935, na meza ya sebuleni ni ndogo, kwa hiyo kona zikawa kali kupita kiasi. Sentimita 36 ukizirudisha kwenye ukubwa halisi ni mita 31 hivi, na treni kubwa ya kweli haiwezi hata kuiota kona hiyo. Wakafupisha mabehewa: behewa la mita 26.4 lilitakiwa liwe sentimita 30, wao kwa miaka mingi waliuza la sentimita 24, na watoto hawakulalamika. Kwa vichwa wakachagua vile vinavyojikunja vyenyewe. Mashuhuri ni "Mamba" wa Uswisi, aliyeundwa kuanzia 1919 kwa milima ya Gotthard, mwili vipande vitatu. Märklin walimtoa kwa kipimo hiki 1947, na bado anasakwa.

Shengena naye ni wa ukoo huo wa kujikunja. Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyebuni kuweka boila katikati, lining'inie kati ya mashine mbili zenye magurudumu yake. Vya kwanza, viwili vidogo, vilitoka Manchester 1909 kwenda Tasmania. Kwenye kona kila mashine inafuata reli kivyake, na boila linakatiza kwa ndani kama upote wa upinde. Jambo linaloonekana hatari kumbe ndiyo salama yake, kwa sababu uzito unaegemea ndani ya kona.

Nikachonga Shengena wa mbao, vipande vitatu, misumari miwili ya kuzungukia, magurudumu nikayatoa kwenye mabehewa mabovu. (Wataalamu mnisamehe, reli ya mita moja kwa kipimo hiki ingekuwa milimita 12, yangu ni 16.5.) Nikamvuta kwa uzi. Akapita! Nikamfunga behewa nyuma... behewa likalala chali. Mara tano.

Kosa lilikuwa ndoano. Nilitengeneza mkono mrefu kutoka kwenye boila kwenda kwa behewa, na boila kwenye kona linaelekea kwingine kabisa, kwa hiyo lilikuwa linaling'oa behewa kwa ubavu. Nikampigia babu. Akanicheka mpaka akakohoa. "We bwana mdogo, nani kakwambia boila linavuta? Ndoano iko kwenye mashine, mwishoni kabisa, mbele na nyuma." Fundi aliyekaa miaka mle ndani, mimi nahangaika na mchoro! Nikaihamishia kwenye mashine ya nyuma, nikaipa nafasi ya kucheza kidogo kushoto na kulia. Behewa likafuata kama ndama.

Kati ya vile 34, vilivyobaki ni viwili, vyote kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Gelai na Shengena. Majina yote mawili ni ya milima ya kwetu Tanzania. Babu hajamwona Shengena tangu arudi nyumbani, na macho yake sasa yanafifia, Nairobi hafiki tena. Desemba napanda basi la Same na boksi mapajani. Kabla ya hapo natafuta rangi nyekundu, ile ya kiwekundu cha damu ya mzee. Mwenye nusu kopo anitumie ujumbe, nitalifuata hata bloku ya mwisho.