Amplifaya ya Nini, Sikio Likiwa Karibu?

Kuna ushauri ambao kila mpenda muziki hupewa siku hizi, awe Nairobi au Masimba: ukishanunua iafoni nzuri za kuingia ndani ya sikio, tafuta na amplifaya. Bila hiyo, wanakuambia, hujasikia kitu. Ushauri huja na sauti ya kitaalamu, pamoja na picha ya kidude cheusi kilichofungwa nyuma ya simu kwa raba. Mara nyingi bei yake inashinda ile ya iafoni zenyewe. Kwa kijana wa Masimba, kule Masaba, anayeishi kwa boda au kwa vikazi vya mtandaoni, hiyo ni hela ya kodi. Kwa hivyo swali si la mabwanyenye. Unahitaji hicho kidude kweli, ama unauziwa hofu?

Jibu liko kwenye historia, na historia yenyewe inaweza kuanzia hapa nyumbani.

Tazama obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii. Kina nyuzi nane, bakuli la mbao, na ngozi iliyowambwa juu yake. Ukitaka kumsikia mtu wa kizazi chetu akikipiga, mtafute Grandmaster Masese. Uzi peke yake, ukiuvuta hewani, hausikiki hatua chache mbele. Ukiufunga kwenye ile ngozi, unanguruma. Lakini ngozi haijaongeza nguvu yoyote. Nguvu yote imetoka kwa kidole. Kazi ya mwili wa obokano ni kuhakikisha nguvu hiyo haipotei bure kabla ya kufika hewani.

Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo kesi nzima. Kuna kuongeza nguvu, na kuna kutopoteza nguvu. Amplifaya huongeza. Iafoni sikivu haipotezi. Nasema sikivu kama vile mtoto msikivu: ukimwambia kwa sauti ya chini, anafanya.

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa ndugu ya obokano. Haikuwa na stima wala betri. Sindano ilitikisika kwenye mfereji wa santuri, ikatikisa kiwambo chembamba, na pembe ikasukuma mtikisiko huo hadi chumbani. Toka Keroka ukifuata barabara ya Sotik, unaingia nchi ya Wakipsigis, na mbele zaidi ni Kapkatet. Huko ndiko Hugh Tracey alikorekodi mwaka 1950 wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, lililogeuzwa na ulimi wa Kikipsigis baada ya watu kusikia santuri zake. Fikiria hilo. Mtu aliyekufa ng'ambo aligeuka kuwa kiumbe wa hadithi katika milima yetu, kupitia mashine isiyo na hata wati moja ya umeme.

Hedifoni nazo zilizaliwa kabla amplifaya haijaanza kutumika. Mwaka 1910, huko Utah, Marekani, Nathaniel Baldwin alikuwa akiunda hedifoni jikoni kwake. Alizituma kwa jeshi la majini, likazipenda. Sababu ilikuwa moja: mawimbi ya redio yaliyofika melini yalikuwa hafifu sana, na hakukuwa na njia nzuri ya kuyakuza. Ilibidi kifaa cha sikioni chenyewe kiwe sikivu kupita kiasi. Baldwin alitumia kipande kidogo cha chuma kilichosawazishwa katikati ya sumaku, ambacho hutikisika kwa umeme kidogo mno. Kumbuka hicho kipande, kitarudi.

Amplifaya ilikuja kwa shida tofauti kabisa: umbali na umati. Mwaka 1915 taa za kukuza umeme ziliwezesha simu kupigwa kutoka New York hadi San Francisco. Kisha zikaingia kwenye vipaza sauti vya mikutano, kumbi na redio za sebuleni. Kuanzia hapo sauti ya mtu mmoja ingeweza kufikia maelfu. Matatu yenye woofa inayotetemesha madirisha ni mjukuu halali wa uvumbuzi huo: muziki kwa kila aliye ndani, na kwa wengi walio nje ambao hawakuuomba.

Lakini sikio moja si umati. Kila mara kifaa cha muziki kilipoingia mfukoni, wahandisi walirudi kwa hesabu za Baldwin. Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman, na nusu ya ujanja wake haikuwa kwenye mashine ya kaseti. Ilikuwa kwenye hedifoni. Zile za zamani zilikuwa na uzito wa gramu 300 na zaidi. Za Walkman zilikuwa kama gramu 50, na zilitosheka na kile ambacho betri mbili ndogo zingeweza kutoa. Aliyekulia nyumba isiyo na stima anajua betri zilimaanisha nini. Ziliwekwa juani zipate uhai wa jioni moja zaidi. Katika uchumi kama huo, kifaa kisichopoteza nguvu hakikuwa anasa. Ndicho kilichoamua kama utamaliza kaseti ya Monyoncho ama gitaa litaanza kuburuta katikati ya wimbo.

Na kile kipande cha chuma? Kiliendelea kuishi ndani ya simu na vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic, iliyoanzishwa na Mead Killion, mtaalamu wa vifaa hivyo, ilitoa iafoni za ER-4 zilizotumia kanuni hiyo hiyo. Mwaka 1995 Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga ngoma, iafoni za kuziba masikio jukwaani, na kampuni ya Ultimate Ears ikazaliwa. Halafu angalia walichofanya Etymotic. Toleo la ER-4S lilikuwa na ukinzani wa omu 100, gumu kwa vifaa vya mfukoni. Badala ya kuwaambia wateja wanunue amplifaya, walitoa ER-4P ya omu 27, maalumu kwa vifaa vya kubebeka. Walibadilisha iafoni.

Leo viwanda vya Shenzhen vinamwaga iafoni za aina hii, na Luthuli Avenue unazipata kwa bei ya kawaida. Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Chukua iafoni ya omu 16 inayotoa desibeli 110 ikipewa miliwati moja. Ili upate desibeli 80, sauti ya kutosha chumbani, inahitaji sehemu moja ya milioni ya wati. Simu inayotoa nusu volti inaweza kuipa karibu miliwati 16, yaani desibeli 122. Hiyo ni sauti ya kukuumiza. Simu yako haijaishiwa nguvu. Inazo nyingi kupita kiasi.

Ndiyo maana tatizo halisi la iafoni sikivu ni kinyume cha lile unalouziwa. La kwanza ni mvumo. Kila saketi ina kelele yake ndogo, ile "sssss" unayoisikia wimbo ukinyamaza. Hedifoni ngumu haiisikii. Iafoni sikivu inaisikia yote, na amplifaya yenye nguvu mara nyingi inaizidisha. La pili ni sauti: unasogeza kitufe hatua mbili tu na tayari ni kubwa mno, huwezi kupata ile ya usiku wa manane. La tatu ni ukinzani wa tundu lenyewe. Mafundi wana kanuni kwamba usizidi sehemu moja kwa nane ya ule wa iafoni. Kwa iafoni ya omu 16, hiyo ni omu 2. Ukizidi, iafoni zenye spika kadhaa ndani hubadilika tabia: besi inapungua au sauti za juu zinachoma, na unalaumu wimbo.

Kwa hivyo unachotafuta ni chanzo kitulivu, na nguvu tayari unayo. Simu nyingi zenye tundu la iafoni zinatosha. Kama yako haina tundu, kiunganishi kidogo cha USB-C, kile kifupi cha waya, kikiwa kizuri kinamaliza kazi. Ukisikia mvumo, kipunguza sauti cha kuchomeka kitakusaidia kuliko amplifaya. Amplifaya ina mahali pake: hedifoni kubwa za studio, kwa mfano Sennheiser HD 600 za omu 300, zinahitaji volti ambazo simu nyingi hazina. Kama si hizo, weka pesa kwenye iafoni zenyewe na mipira inayoziba sikio sawasawa. Mipira isiyokaa vizuri huvujisha besi yote, na hakuna amplifaya itakayoirudisha.

Nimeacha jambo zito zaidi la mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, unabaki na saa 4 tu. Linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa jinsi wanavyosikiliza. Sisi tunaofanya kazi tukiwa na iafoni kutwa nzima, tukinakili mahojiano ya watu tusiowajua, tumo humo. Sikio likiharibika ndani halina fundi, hata Luthuli. Anayekuambia uongeze nguvu kwenye kifaa ambacho tayari kinafika desibeli 122 hakuuzii tu kitu usichohitaji. Anakuuzia njia fupi ya kupoteza kile ulichotaka kukitumia.

Mpiga ngoma alitengenezewa iafoni inayoziba vizuri ili aweze kusikia katikati ya kelele. Ndani ya matatu ya kwenda Kisii inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Zima kelele za nje, shusha sauti, halafu tafuta rekodi ya obokano na usikilize uzi ule mnene kabisa unavyochukua muda kunyamaza. Simu uliyo nayo inatosha.