Wayaringi ya pikipiki: Anza na ethi na fyuzi kabla ya kubadili taa za dashibodi

Kwa mwendesha bodaboda anayefanya kazi usiku, taa ndogo za dashibodi ndizo zinazomwambia kwamba indiketa bado inawaka, kwamba taa kubwa iko kwenye fulu na inawamulika wanaokuja mbele, au kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Taa hizo zinapofifia, wengi hukimbilia dukani kununua globu za LED. Mara nyingi globu mpya huwaka vizuri siku chache, kisha tatizo hurudi pale pale, kwa sababu kilichochoka si globu bali nyaya zinazopeleka umeme.

Makala hii inaeleza jinsi umeme unavyozunguka kwenye pikipiki ndogo za volti 12, namna ya kubadili nyaya bila kukaribisha moto, na mambo ya kuzingatia unapoweka LED kwenye dashibodi.

Umeme unatoka wapi?

Injini inapozunguka, sumaku iliyo pembeni mwa injini hupita mbele ya koili na kuzalisha umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Rektifaya huugeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja, huzuia volti zisipande kupita kiasi, na kuupeleka kwenye betri. Kutoka betri, waya mkubwa hupitia fyuzi, kisha swichi ya ufunguo, na kutoka hapo umeme hugawanywa kwenda kwenye honi, indiketa, taa ya breki na dashibodi. Safari ya kurudi hupitia waya wa ethi na chuma cha fremu hadi kwenye ncha hasi ya betri.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya watu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa, na wakati mwingine taa za kumulika mita, hazitumii betri kabisa. Hupata mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye koili. Dalili yake ni kwamba taa haiwaki injini ikiwa imezimwa, hufifia injini ikiunguruma taratibu, na hung'aa ukivuta mafuta. Ni muhimu kulijua hili kabla ya kununua LED.

Pima kabla ya kukata

Multimita ya kawaida inatosha. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma 12 au chini ya hapo, imekaribia kwisha chaji. Washa injini na uvute mafuta kiasi: kwa kawaida usomaji uwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukivuka 15, rektifaya ina hitilafu, na LED mpya zitaungua kama zilivyoungua globu za zamani. Ukibaki chini ya 13, betri haichajiwi vya kutosha.

Kisha pima ethi. Taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa dashibodi. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukizidi nusu volti, ethi imeoza mahali fulani. Fungua bolti inayoshika waya wa ethi kwenye fremu, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza upya na upake grisi kuzuia kutu. Kazi hii ya dakika chache mara nyingi hurudisha mwanga bila kununua chochote.

Kubadili nyaya

Toa kwanza waya wa hasi wa betri, na utakapomaliza urudishe huo mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu itapiga shoti. Kabla ya kufungua soketi yoyote, piga picha kwa simu na uandike kila waya unatoka wapi na unaenda wapi.

Usiamini rangi kwa mazoea. Kwenye pikipiki za Honda, na nyingi za Kichina zilizofuata muundo wake, waya wa kijani ni ethi na mweusi hubeba umeme baada ya ufunguo kufunguliwa. Kwenye Yamaha, mweusi ndio ethi, na umeme wa ufunguo hupita kwenye waya wa kahawia. Fundi aliyezoea aina moja akiunganisha weusi kwa weusi kwenye nyingine, anaunguza fyuzi au kitu cha thamani zaidi. Thibitisha kwa multimita.

Unene wa waya hutegemea mzigo. Gawanya wati kwa volti upate ampea: taa kubwa ya wati 35 kwa volti 12 huvuta karibu ampea 3, na globu nne za dashibodi za wati 3 kila moja huvuta ampea 1 kwa pamoja. Waya wa milimita za mraba 0.5 unatosha kwa dashibodi, 0.75 hadi 1 kwa taa kubwa, na 1.5 kwa waya mkuu kutoka betri. Tumia waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumbani wenye shaba moja ngumu hukatika ndani kwa mtikisiko, huku ganda likionekana zima.

Kusokota nyaya na kuzifunga tepu hakudumu. Gundi huyeyuka kwa joto, maji huingia, na shaba hugeuka kijani. Tumia vichwa vya waya vinavyobanwa kwa koleo, au unganisha kwa risasi na kufunika kwa mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa moto. Usiweke kiungo cha risasi kwenye shingo ya usukani, maana waya hukakamaa hapo na kukatika kila unapokata kona. Acha nyaya zilegee kidogo sehemu hiyo, na uziweke mbali na ekzosi.

Kuhusu fyuzi, kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua. Rudisha ya ampea zilezile zilizoandikwa na mtengenezaji. Kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara kwenye nafasi ya fyuzi hakikatiki, na shoti ikitokea, waya mzima huwaka chini ya tangi la petroli.

LED kwenye dashibodi

LED huvuta umeme kidogo sana kuliko globu ya zamani na haitoi joto kubwa, hivyo haiyeyushi plastiki ya mita. Hata hivyo ina masharti yake.

Kwanza, ina chanya na hasi. Isipowaka, itoe, igeuze na uirudishe. Pili, kama taa za mita zinatumia mkondo geu, LED ya kawaida itapepesa na inaweza kuungua. Nunua iliyoandikwa kuwa inakubali AC na DC, au hamishia taa hizo kwenye waya wa ufunguo unaotoka betri. Tatu, nyuma ya kioo cha rangi weka LED nyeupe au ya rangi ileile. LED nyekundu nyuma ya kioo cha kijani cha nyutro haitaonekana.

Nne ni indiketa. Pikipiki nyingi ndogo zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, iliyounganishwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukibadili indiketa zote kuwa LED, umeme mdogo unaopenya kwenye globu hiyo hutosha kuwasha upande wa pili pia. Zote nne hupepesa pamoja, na anayekufuata hajui unakata kona ipi. Dawa ni dayodi mbili, moja kutoka kila upande, zikutane kwenye mguu mmoja wa taa ya dashibodi, na mguu wa pili uende ethi. Indiketa zikipepesa haraka mno, badilisha rilei kwa ile ya LED.

Tano, mwanga mkali si bora. Dashibodi inayong'aa kupita kiasi hufanya macho yasione barabara yenye giza. Chagua LED hafifu inayotosha kusoma mita.

Kabla ya kufunika

Zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku taa zote zikiwaka. Jaribu honi, breki, indiketa pande zote na fulu. Shika nyaya baada ya dakika 10: unaopata moto ni mwembamba mno au kiungo chake kimelegea. Kama pikipiki yako ina kompyuta ya kupima mafuta au breki za ABS, nyaya hizo usizikate. Mwachie fundi mwenye mchoro wa pikipiki hiyo.