Kunakili Kabla ya Mchwa: Hati na Picha katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Karatasi haina maisha marefu Pwani. Iwe ni kusi au kaskazi inayovuma, hewa ya Malindi hupenya na chumvi yake na unyevu wake hata ndani ya makasha yaliyofungwa, na nyumba zetu, ziwe za mawe na chokaa au za udongo na makuti, zina mchwa kutani na nondo nguoni, hata ikawa hati iliyotiwa sandukuni na babu, akiamini kwamba ameihifadhi, hutolewa na mjukuu ikiwa na matundu kama chekeche. Kwa hiyo maandishi ya mwambao huu, tangu Takaungu na Kilifi hadi Mambrui na Ngomeni, yalisalia pale tu yaliponakiliwa kabla hayajaliwa. Na aliyepata mtu wa kumnakilia alibaki na jina lake, na shamba lake, na nasaba yake, ilhali asiyempata aliachwa mikononi mwa mashahidi, nao mashahidi hufa.

Mji wa Malindi wenyewe wajulisha hayo. Sultani wake alimpokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498 na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Lakini Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wakamkalisha mfalme wa Malindi katika kisiwa hicho, mji aliouacha nyuma ukadhoofu, ukaota magugu, wala haukusimama tena sawasawa mpaka 1861, Seyyid Majid wa Unguja alipoufufua ukawa ghala ya nafaka. Ukitaka tarehe iliyo yakini katika zama za kale za nchi hii, huna budi kwenda kwenye magofu ya Gede, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaitazame katika chokaa ya kaburi moja: mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Chokaa ilistahimili miaka mia sita na mvua zake zote. Karatasi ya zama hizo ingehitaji kunakiliwa na vizazi ishirini mfululizo, bila hata kimoja kuzembea.

Mnakili wa zamani alikuwa mtu wa hadhi, na ada ya kazi yake ilijulikana. Alikuwa na kalamu ya mwanzi iliyochongwa kwa mshazari, wino mweusi kwa matini na mwekundu kwa vichwa, na subira isiyo kifani. Na alipofika ukurasa wa mwisho aliandika jina lake, na mwezi, na mwaka wa Hijra, akamwomba msomaji amsamehe ikiwa kalamu imeteleza. Mashuhuri kuliko wote katika zama za karibu ni Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa khati nzuri, aliyewanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na ambaye lau si mkono wake mengi tunayoyasoma leo yangekuwa yamepotea. Kabla yake, huko Mombasa, Mwalimu Sikujua alimsaidia padre William Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka, akafa mwaka 1890. Na kabla ya hao wawili Johann Ludwig Krapf, aliyeweka maskani yake Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenziwe Rebmann, alikwisha peleka Ujerumani miswada ya Kiswahili, mmojawapo ukiwa utenzi uitwao Chuo cha Herkal. Ajabu yake ni kwamba kilichotoka ndicho kilichodumu, na mtafiti wa Kilifi anayetaka kuona maandishi yaliyopita Rabai hulazimika kubisha hodi Ulaya.

Walakini si tenzi peke yake zilizokuwa zikinakiliwa, na mtu wa kawaida hakujali sana tenzi kama alivyojali shamba. Kadhi na makatibu wake waliandika hati za bei, za rehani, za wakfu na za mirathi, na mwenye mali aliweka nakala yake nyumbani katika mkebe wa bati. Ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa Pwani wa maili kumi wauthibitishe umiliki wao mbele ya ofisa wa Serikali. Na kila kipande ambacho hakikudaiwa, au ambacho dai lake halikukubaliwa, kikahesabiwa kuwa milki ya Taji la Uingereza. Hapo ndipo karatasi iliposhika nguvu ambayo haikuwa nayo kabla. Mwenye waraka wa kadhi alikuwa na jambo la kuonyesha. Mgiriama au Mkauma aliyelima pale pale alipolima babake, akitegemea kauli ya wazee na mipaka ya miembe na minazi, hakuwa na cha kuonyesha ila miguu yake iliyosimama juu ya udongo. Miaka sita haikupita kabla ya Wagiriama kuamrishwa kuondoka kaskazini ya mto Sabaki, na vita vya 1914, ambavyo jina la Mekatilili wa Menza limeambatana navyo, vikafuata. Sisemi kwamba vita vile vilikuwa vya karatasi, kwa kuwa mambo ya kodi na ya kuchukuliwa vijana kwa kazi yalikuwamo pia. Lakini maskwota wa Kilifi na Malindi, ambao hadi leo wapo na kesi zao zipo, ni watoto wa ule mwaka wa 1908 ambao waraka ulipewa neno la mwisho.

Kisha ikaja picha. Katika miji ya Pwani mafundi wa picha, wengi wao Wahindi, walifungua studio zenye pazia lililochorwa, kiti cha heshima na saa ya kuazima. Parekh Studio ya Mombasa ilitia fora katika miaka ya 1950 na 1960, na bibi harusi wengi wa mwambao walipigwa picha mbele ya mapazia yake. Huko Lamu Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi: alikata, akabandika, akaipiga tena picha aliyoibandika, akamtoa mtu ndani ya ua au akaweka kichwa chake mahali ambapo mwili wake haujapata kufika. Nami namhesabu Bakor kuwa babu wa vijana wa leo wanaocheza na picha katika kompyuta, kwani alikwisha fahamu kwamba nakala si mtumwa wa asili yake, na kwamba mwenye kunakili aweza pia kubuni.

Nguvu ya picha ilidhihirika Kilifi kwa njia ambayo hapana aliyeitazamia. Wamijikenda wa chama cha Gohu huwasimikia marehemu wao vigango, nguzo za mti zilizochongwa, ambazo haziruhusiwi kuondolewa. Na mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja aliyesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Si muda mrefu vigango vile viliibiwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Udvardy akaonyeshwa slaidi ya kigango kilichokuwa katika mkusanyiko wa Illinois, akakitambua. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Na mwaka 2007 vyote viwili vikarudishwa kwa jamaa. Lau picha ile isingalipigwa, au ingalipigwa kisha ikaachwa kuoza, familia ingalikuwa na huzuni tu bila ushahidi, nayo makumbusho, kama ilivyo desturi yao, yangaliomba vidhibiti.

Mashine ya fotokopi naipitia kwa haraka, maana kila mtu aijua. Chester Carlson alifaulu kuhamisha maandishi bila wino wa maji tarehe 22 Oktoba 1938, na mashine iitwayo Xerox 914 ikatoka mwaka 1959. Siku hizi hapana mtaa wa Malindi usio na kibanda cha kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Fotokopi inatosheleza haja ya afisi. Haitoshelezi haja ya kumbukumbu: hufifisha rangi, huviza uso wa bibi ukawa doa jeusi, na kopi ya kopi huzidi kuharibika kila inapotolewa, kasoro ambayo Kijumwa, aliyeweza kusahihisha alipokuwa akinakili, hakuwa nayo.

Skana ndiyo mrithi wa kweli wa mnakili. Mwaka 1957 Russell Kirsch, katika taasisi ya vipimo ya Serikali ya Marekani, alichukua picha ya mwanawe mchanga, yenye upana wa sentimita 5, akaigeuza kuwa nukta 176 kwa 176, picha ya kwanza kusomwa na kompyuta. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wakabuni kihisi cha mwanga kiitwacho CCD, na mwaka 1976 Ray Kurzweil akakitia katika skana ya kioo bapa ili mashine iwasomee vipofu vitabu. Chombo kilichoanza kwa vipofu kimekuwa jicho la nyumba yoyote yenye kompyuta, na bei yake imeshuka hata mwalimu wa shule ya msingi wa Watamu aweza kukinunua akijinyima kidogo.

Mwenye kununua kwa matumizi ya nyumbani atakutana na jamii mbili, na tofauti yake ina maana zaidi ya nambari zilizoandikwa juu ya boksi. Jamii ya kwanza, ya CIS, huweka safu ya vihisi karibu kabisa na kioo. Ni nyembamba, ni nyepesi, ni rahisi, na aghalabu hupata umeme wake kwa waya ule ule wa USB unaoiunga na kompyuta, jambo ambalo mkazi wa Kilifi, aliyezoea stima kukatika bila taarifa, hatalidharau. Canon LiDE 300 na LiDE 400 ni za jamii hii, na Epson Perfection V39 pia. Aibu yake ni kwamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo: hati iliyokunjamana, mgongo wa kitabu, kofia ya vito au jani la mkungu hutoka na ukungu. Jamii ya pili, ya CCD, kama Epson Perfection V600, hutumia vioo na lenzi, huona kina cha milimita kadhaa, na kifuniko chake chaweza kuwa na taa ya kupitisha mwanga katika negativu. Lakini ni nzito, ni ghali, na yataka umeme wa ukutani. Fundi wa kushona kofia anayetaka kunakili darizi zake, au msanii anayepanga maua na makombe ya bahari juu ya kioo, na aitafute ya pili. Mwenye mkebe wa hati na bahasha ya picha zilizo bapa, ya kwanza yamtosha.

Usihadaiwe na nukta. Nukta 300 kwa kila inchi zatosha kwa waraka, na 600 kwa picha ya studio: picha ya sentimita 6 kwa 9 ikisomwa kwa 600 yaweza kuchapwa kwa upana na urefu maradufu bila kuchakaa. Negativu ndogo ya milimita 35 ndiyo yataka 2400 au zaidi. Ukiona nambari kubwa mno, uliza kama ni ya lenzi na vihisi au ni ya hesabu ya programu, maana ya pili huongeza ukubwa wa faili bila kuongeza hata unywele mmoja wa bibi. Nakala ya kuweka iwe TIFF, na ya kutuma kwa jamaa iwe JPEG. Na waraka wa kale ulioandikwa pande zote mbili uwekewe karatasi nyeusi mgongoni, ili khati ya upande wa pili isijitokeze. Msahafu wa zamani usiminywe juu ya kioo kabisa. Huo hupigwa picha kutoka juu kwa kamera, ukiwa umefunguliwa nusu juu ya mto. Na skana yenyewe ifunikwe, maana hewa iliyokula hati itaanza kula na kioo chake kwa ndani.

Mashaka makubwa ni ya familia zilizorithi negativu za studio zilizofungwa, maboksi mazima, mengine ya filamu pana ambayo skana rahisi haiwezi kuyasoma. Kwao ningeshauri wasinunue kila mtu yake. Nyumba tatu au nne za ukoo mmoja zichange zinunue moja ya CCD, ikae kwa mwenye nyumba kavu kuliko zote, aghalabu ya ghorofani, na kila tawi lilete maboksi yake kwa zamu. Faili zigawanywe katika diski mbili, moja ibaki Malindi na moja ipelekwe kwa jamaa wa Nairobi, ambako unyevu ni haba na mchwa wana kazi nyingine.