Njoo Kesho: Pemba na Historia ya Kutochoka

Wasomaji wa riwaya tunapenda siku kubwa. Muulize mtu aliyesoma Kuli ya Shafi Adam Shafi anakumbuka nini, atakwambia mgomo: makuli wa bandari ya Unguja, mwaka 1948, mji umesimama. Ni wachache watakaotaja yale mazungumzo ya chini chini yaliyotangulia, kazi ya kumshawishi mtu mmoja mmoja mwenye watoto wa kulisha. Lakini bila yale, siku ile isingekuwapo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta riwaya ya siku ndogo. Siku ya mtu anayekwenda ofisini kufuata karatasi, akaambiwa njoo kesho, akarudi kesho. Kama ipo, naamini itaandikwa na mtu aliyekulia Pemba. Kisiwa hiki kina ushairi wa malumbano tangu enzi za Kamange na Sarahani, kwa hiyo maneno hayatakosekana. Na kisa kipo tayari, kina miaka zaidi ya 30.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Wapemba wengi waliingia CUF, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe. Oktoba 1995 wakapiga kura. CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi. Kwenye urais, Tume ikamtangaza Dk. Salmin Amour kuwa ameshinda kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif. Tofauti ni kura 1,565. Wapinzani waliikataa hesabu ile na baadhi ya waangalizi wa nje waliitilia shaka. Tangu hapo, mgombea wa upinzani hajawahi kutangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar. Hata mara moja.

Sasa jiulize kama mtu wa kawaida tu, si kama mchambuzi. Unapiga kura 1995, 2000, 2005, 2010, 2015. Kila mara matokeo yanakuja vilevile au hayaji kabisa. Kitu gani kinakutoa kitandani saa kumi za alfajiri mara ya sita?

Jibu la haraka ni hasira, na hasira ipo kweli. Wazee wa Pemba wanaukumbuka wakati wa baada ya Mapinduzi ya 1964 kama wakati wa bakora, watu wazima wakichapwa hadharani mbele ya watoto wao. Anayetaka kuusoma wakati huo ajaribu kitabu cha Thomas Burgess kilichotoka 2009, chenye kumbukumbu za maisha za wanasiasa wawili, Ali Sultan Issa na Maalim Seif mwenyewe. Wote wawili walizaliwa Pemba. Mmoja aliyatumikia Mapinduzi kwa moyo wote, mwingine akaja kuwa mpinzani wao mkubwa. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila unaposikia mtu anasema "Wapemba" kana kwamba ni chama. Dk. Omar Ali Juma alikuwa Mpemba, Dk. Ali Mohamed Shein ni Mpemba, na wote ni wa CCM.

Lakini hasira haimfikishi mtu mbali. Hasira inakupeleka kwenye mkutano wa Gombani ya Kale, unapiga kelele, sauti inakauka, unarudi nyumbani. Haikupeleki ofisini mara nne kwa ajili ya fomu. Na siasa ya Pemba, ukiitazama kwa karibu, kwa sehemu kubwa ni ya fomu.

Nieleze, maana wa bara huwa hawaelewi. Ili upige kura ya Zanzibar, sheria ilikutaka uwe umekaa jimboni kwa muda maalum. Miezi 36 mfululizo ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi. Wa kuthibitisha kwamba umekaa ni sheha. Sheha hachaguliwi na watu wa shehia, anateuliwa na serikali. Kisha ikaja sheria ya 2005 ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ile ZanID, na baadaye bila hiyo huandikishwi. Kupata ZanID unahitaji cheti cha kuzaliwa. Watu wengi wa shamba, hasa wanawake waliozaliwa na mkunga nyumbani, hawakuwa nacho. Kwa hiyo mnyororo ni huu: cheti, fomu kwa sheha, ofisi ya wilaya, kitambulisho, daftari. Kiungo kimoja kikikatika, kura huna. Mwaka 2009 mnyororo ulikatika kwa watu wengi mno kwa mpigo, wakagoma, na uandikishaji ukabidi usimamishwe kwa muda Pemba.

Hapa ndipo penye kisa changu cha siku ndogo. Mtu anaacha mwani wake na maji yamekupwa, au karafuu ziko juu ya mkeka na mvua inanuka. Anakwenda kwa sheha. Sheha hayupo. Anarudi. Sheha yupo, fomu hazipo. Anarudi. Fomu zipo, lakini jina la baba limeandikwa tofauti na kwenye cheti. Hakuna anayemkatalia, la. Anaambiwa tu njoo kesho, kwa upole, pengine na kikombe cha chai. Katika hali hiyo mtu akiwa peke yake hurudi mara mbili, tatu, basi. Anayerudi mara ya sita ni yule ambaye akifika barzani jioni ataulizwa: "Umepata?" Akisema bado, mwingine atasema kesho nakufuata, nami langu halijatoka.

Barza, kwa maoni yangu, imefanya kazi kubwa kuliko mkutano wowote wa hadhara. Ni kibaraza tu cha nyumba au benchi la mbao chini ya mti, kahawa, bao, redio ya BBC saa ya taarifa ya habari. Mwaka 2003, kabla serikali haijalifungia gazeti la Dira la marehemu Ali Nabwa, nakala moja ilitosha barza nzima kwa kuwa mmoja husoma kwa sauti na waliobaki hubishana. Hakuna kadi ya uanachama wa barza. Hakuna kujiuzulu pia. Kesho utapita hapo ukienda sokoni, na watakuona. Harusi ni hao hao, maziko ni hao hao, na khitma vilevile. Mtu anayeacha siasa Dar es Salaam anazima simu na mambo yamekwisha. Wa Konde au Kojani akitaka kuacha siasa itabidi ahame kijiji.

Ila tusijidanganye, kamba inayofunga pamoja ndiyo hiyo hiyo inayokaba. Pemba ina neno kususia, na kususiana ni upande wa historia hii ambao wapenzi wake hupenda kuuruka. Baada ya 1995, kisha tena baada ya marudio ya 2016, kuna mahali mtu wa chama kingine hakuuziwa dukani, hakupakiwa kwenye gari, hakuzikiwa maiti wake. Watu walishtakiwa kwa hilo. Nimesikia likitetewa kuwa ni silaha ya mnyonge, na mimi sikubaliani. Jirani aliyekosa watu wa kumbebea jeneza la mama yake hakuiba kura ya mtu.

Januari 2001 inasimuliwa sana, nami sitairefusha. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, majimbo 16 ya Unguja yakarudiwa na CUF wakasusia. Tarehe 27 Januari waliandamana kudai uchaguzi mpya. Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani risasi zikapigwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2002 ilitaja watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wengi kwa mashua za uvuvi. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imewatoa. Baadhi yao walipelekwa Dadaab, na wapo walioishia Mogadishu, wakaishi huko miaka.

Ninachotaka kukitazama ni kilichofuata, maana ndipo sehemu nyingi duniani harakati hufa. Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini Muafaka wa pili. Mei 2003 ukaja uchaguzi mdogo Pemba, kuziba viti vya wawakilishi na wabunge wa CUF waliopoteza nafasi zao kwa kususia vikao. Katika majimbo 6 ya Uwakilishi wagombea wa CUF wakaenguliwa. Sasa hapo ufanye nini? Ukisusia, watasema watu wamechoka. Ukipigia mwingine, umejisaliti.

Pemba wakaleta maruhani. Watu walikwenda vituoni, wakapanga foleni jua kali, wakachukua karatasi halali, wakaziharibu kwa makusudi na kuzitumbukiza. Kura za maruhani, ndivyo zilivyoitwa, katika kisiwa ambacho Afrika Mashariki nzima inakitania kwa uganga. Masanduku yalifurika mapepo. Viti vile 6 vilikwenda kwa wengine, lakini CUF ikachukua 11 vilivyobaki vya Uwakilishi, na kila aliyehesabu zile karatasi zilizoharibika alijua amehesabu nini. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu watu wazikwe. Mimi naiona kuwa ndiyo siku ya ubunifu mkubwa kuliko zote katika siasa za visiwani, na sijui kama kuna hadithi fupi hata moja iliyoandikwa juu yake. Waandishi, mnasubiri nini?

Matokeo ya kura ya maoni ya 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakikubali serikali ya umoja wa kitaifa, hayaeleweki bila subira ya aina hiyo. Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na ghafla watu walioambiwa kwa miaka 14 wasiitambue serikali wakaombwa waingie ndani yake. Pemba ilikubali. Oktoba ile Maalim Seif alishindwa tena, 176,338 kwa 179,809 za Dk. Shein, akakubali matokeo na kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kuhusu 2015 msimamo wangu hautawafurahisha wote. Kwa siku mbili tatu za Oktoba ile, mawakala wa vyama, vijana na akinamama wa kawaida, walikaa vituoni usiku kucha wakaondoka na nakala za matokeo zilizotiwa saini. Ilikuwa kazi ya fomu kwa kiwango cha juu kabisa. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. Marudio yalifanywa 20 Machi 2016, CUF wakasusia, na viti vyote 18 vya Pemba katika Baraza vikaenda kwa CCM. Naelewa kwa nini walisusia. Lakini kususia kunakomboa heshima siku moja, kisha kunakuja miaka minne na nusu ambayo huna mtu wa kuuliza swali barazani kuhusu bei ya karafuu au dawa za hospitali ya Wete. Watu waliobuni maruhani wangeweza kubuni kitu kingine.

Chama nacho kikawaponyoka. Mgogoro na Profesa Lipumba ulikwenda mahakamani, na Machi 2019, siku hukumu ilipompa ushindi, Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Kauli ilikuwa ya kibaharia: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Kufumba na kufumbua matawi ya CUF yalipakwa rangi ya zambarau. Wachambuzi walisema hii ni siasa ya mtu mmoja, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi. Lakini aliyeshika brashi hakuwa Maalim Seif.

Oktoba 2020 ilikuwa mbaya. Kabla ya kura risasi zilisikika tena Pemba. Upinzani ukasema watu wameuawa, Polisi ikakanusha. ACT ilibaki na viti vichache hata Pemba kwenyewe. Desemba Maalim Seif akaingia tena serikalini, na wafuasi wake wengi walinuna waziwazi. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki, akazikwa kwao Mtambwe. Niliwasikia wenzangu wa vyombo vya habari wakiandika tanzia mbili kwa pamoja, ya mzee na ya upinzani wa Pemba.

Konde hawakuisoma. Mbunge wao wa ACT, Khatib Said Haji, aliyechaguliwa Oktoba 2020, alifariki Mei 2021. Tarehe 18 Julai walipiga kura kumpata mwingine. Akatangazwa mgombea wa CCM. ACT wakayapinga matokeo kwa nguvu, na wiki chache baadaye, kabla ya kuapishwa, aliyetangazwa akajiuzulu. Uchaguzi ukaitishwa upya. Tarehe 9 Oktoba 2021, mara ya tatu katika muda usiotimia miezi 12, watu wa Konde walitoka na vitambulisho vyao, wakapanga foleni, na kiti kikarudi ACT.