Kompyuta za bure za kujaribia programu huria

Kijana wa Pangani anayetunga programu kwa laptopu moja ya Windows atajuaje kama itafanya kazi kwenye Linux au Mac? Kununua zote ni ghali mno. Programu ikiwa huria, yaani msimbo wake uko wazi, GitHub humwazima kompyuta za aina zote tatu bila malipo. Akituma msimbo, programu inaundwa na kujaribiwa hukohuko. Majibu anayasoma hata kwenye simu. Msimbo wa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao umo humo. Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, hutoa seva kwa miradi huria, zikiwemo za aina adimu, ila lazima kuomba. Sisi tungeanza na GitHub. Asiweke humo nywila wala majina ya wateja. Kila mtu anaona.